Akina Pole wa Nchi ya Upana

Jambo la kwanza nililolifanya nilipoingia nchi ya Upana lilikuwa kumpa rambirambi mtu ambaye hakufiwa.

Wizara yao ya Mambo ya Ndani ilikuwa imeniita kwa majuma matatu nikawapangie chumba cha nyaraka. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi miwili tu kabla, na hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Langoni nilipokelewa na mwanamume wa makamo, mnene, mchangamfu, mwenye suruali ya kijivu iliyopandishwa mpaka juu ya kitovu. Kila aliyepita aliinamisha kichwa na kumwambia, "Pole, Bwana Msellem," naye akajibu, "Nimeshapoa, nimeshapoa," huku uso wake ukichanua. Niliwahesabu waliompa pole wakafika kumi na wawili. Kwetu, mtu akipewa pole na watu kumi na wawili mfululizo, nyumbani kwake kumetandikwa mikeka. Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia Mungu amlaze marehemu mahali pema.

"Marehemu gani?" akauliza.

"Huyo uliyefiwa naye."

Alicheka mpaka akaegemea nguzo ya lango. "Mwanangu, mimi sijafiwa. Mimi ni Pole!"

Njiani kwenda kwake alinieleza. Katika nchi ya Upana, cheo cha mwanamume hakitokani na elimu wala ukoo. Kinapimwa kwa futi, ile ya kitambaa anayovaa fundi cherehani shingoni. Kila mwaka, Jumatatu ya kwanza baada ya mavuno, wanaume wote waliotimiza miaka thelathini hukusanyika katika uwanja wa Wizara, na Mpimaji Mkuu huwazungushia futi kiunoni mmoja mmoja. Futi hiyo ni kuukuu sana, na kwenye inchi ya thelathini na saba imeshonwa uzi mwekundu. Ambaye hajaufikia uzi huitwa Ndugu, basi. Anayeuvuka, Mpimaji humtangazia "Pole!" na tangu siku hiyo hilo ndilo jina lake la heshima. Akifika inchi arobaini na mbili huitwa Pole Sana, hupewa kiti katika Baraza, na hakuna mtu awezaye kumwamuru asimame tena maishani mwake.

"Na Mpimaji Mkuu ni nani?" nikauliza.

Alijigusa kifuani. "Inchi arobaini na moja na nusu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja umri wa mtoto wake. "Imebaki nusu inchi, na majuma matatu."

Nilikaa nyumbani kwake muda wote huo, na ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Waupana ni watu wema, wakarimu, wenye utani mwingi. Sikuona mtu akimdhulumu mwenzake. Lakini wana sheria ambazo mgeni huchukua muda kuzizoea.

Ipo Sheria ya Hatua. Mtu aliye Pole haruhusiwi kutembea zaidi ya hatua mia tatu kwa siku, na nyuma yake huenda karani wa Wizara akihesabu. Zikitimia, karani hupiga filimbi, na Pole huletewa kiti chenye magurudumu popote alipo. Siku moja Bwana Msellem alipigiwa filimbi akiwa katikati ya ua wake mwenyewe, hatua sita kutoka chooni. Tulisubiri kiti.

Ipo pia Sheria ya Sahani. Mboga za majani, maharage, matunda na ugali wa dona ni chakula cha Ndugu. Pole hula nyama asubuhi na jioni, iliyochomwa mpaka ikaungua pembeni, na sembe nyeupe kama chokaa. Maji ni ya kuogea, na mwenye kiu hupewa soda. Baada ya kula huwashwa sigara, ambayo kwa lugha yao huitwa "kufunga kikao." Na kikao chenyewe hufanywa kwa kukaa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, bila kuinuka, bia zikipita mkononi kuanzia saa sita.

Jioni akina Pole walikuja barazani kwa Bwana Msellem kuzungumza, na mazungumzo yao yalikuwa ya presha.

"Jana nilikuwa mia sitini juu ya mia," mmoja alisema.

"Mia sitini tu? Wewe kazi huna!" mwenzake akamcheka. "Mimi mia themanini juu ya mia na kumi, na huyo muuguzi aliyenipima alitetemeka."

"Presha ni kitu gani? Mimi nina sukari. Mke wangu mwenyewe ananiita mtamu."

Walicheka wote, na mimi nikacheka nao, kwa kuwa walisimulia vizuri. Lakini nilimwona Bi Zamzam, mke wa Bwana Msellem, aliyekuwa akipanga vikombe mlangoni. Yeye hakucheka.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni Wizara yenyewe. Kwetu, Wizara ya Mambo ya Ndani hushughulikia polisi, magereza na hati za kusafiria. Kule, mambo ya ndani ni mambo ya ndani kweli: utumbo, ini, moyo na mishipa ya mwanamume. Kazi ya Wizara ni kuhakikisha hakuna anayeyaangalia; presha na sukari, kwa kuwa hupimwa mkononi, huhesabiwa mambo ya nje. Kifungu cha kwanza kimeandikwa juu ya mlango kwa herufi za shaba: *Mambo ya ndani ya mwanamume ni siri ya nchi. Atakayeyafungua amejivua upole wake.* Mwanamke ruhusa. Mtoto ruhusa. Hata mabomba ya maji machafu yaliyo chini ya mji hukaguliwa kila mwaka. Niliwaona mafundi wakiingiza ndani yake waya mrefu wenye taa mbele, wakitazama kila kona, wakikwangua kila uchafu ulioganda. Nilimuuliza msimamizi wao kwa nini wanajisumbua hivyo.

"Bomba likiziba umeshachelewa," akanijibu. "Uchafu huanza mdogo, kijana. Ukiukwangua ungali mdogo, huna kazi."

"Na bomba la mtu je?"

Aliangalia kushoto na kulia. "Hayo ni mambo ya ndani," akasema, akakunja waya wake.

Siku ya tisa, tukiwa kwenye kifungua kinywa, Bi Zamzam aliweka birika mezani kwa kishindo.

"Msellem, mbele ya mgeni nitasema, maana tukiwa wawili unaniimbia nyimbo. Nimeona damu chooni. Mara ya pili hii."

Bwana Msellem aliendelea kukata nyama yake. "Ni pilipili."

"Pilipili tangu lini ikawa hivyo? Kaka yako Athumani naye alisema pilipili. Alisema pilipili mwaka mzima."

Kisu kilisimama. Nilielezwa baadaye kwamba Athumani alikuwa Pole Sana wa inchi arobaini na nne, mcheshi, kipenzi cha mji, na kwamba alifariki kwa ugonjwa wa tumbo akiwa na miaka hamsini na mmoja. Kule hawasemi hivyo. Husema "aliitwa ndani." Baba yao naye aliitwa ndani. Bwana Msellem alikuwa na miaka arobaini na minane.

"Jumatatu ile ipite kwanza," alisema hatimaye, kwa upole. "Nusu inchi, Zamzam. Maisha yangu yote nimewatangazia wengine. Mara moja tu na mimi nitangaziwe."

"Na usipofika?"

"Nitafika. Niongezee nyama."

Alimwongezea, kisha akaingia jikoni. Nilimsikia akipenga kamasi.

Asubuhi hiyo hiyo Bi Zamzam aliniomba nimsindikize kwa Daktari Mwanakheri, aliyekuwa na nyumba nyeupe nyuma ya soko. Kwa sheria daktari huyo aliwatibu wanawake, watoto na wageni. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ndani ya utumbo mpana huota vinyama," alisema. "Kama uyoga kwenye ukuta wenye unyevu. Vingi havina neno. Vichache, vikiachwa miaka mingi, hugeuka saratani. Haviumi wala havitoi habari. Mtu anakula, anacheka, anapimwa kiuno, na vyenyewe vinakua."

"Vinaletwa na kitambi?" nikauliza.

"Usikitwike kitambi mzigo wote. Nimeona wembamba wenye vinyama na wanene wasio navyo. Lakini kitambi kina marafiki: presha, sukari, mafuta mabaya kwenye damu. Ongeza sigara. Ongeza pombe, nyama kila mlo, kukaa kutwa kwenye kiti. Vikimkusanyikia mwanamume mmoja aliyevuka arobaini na mitano, na kaka yake na baba yake wameondoka kwa tumbo, mimi simwambii asubiri. Na akishaona damu simwambii hata afikirie. Inaweza kuwa bawasiri tu. Lakini hilo tutalijua kwa kuangalia, si kwa kubahatisha."

"Anaangaliwaje?"

Alituonyesha mrija mweusi, mwembamba kuliko kidole changu, wenye taa na jicho mbele. Kwa nilivyouona, ulikuwa ndugu mdogo wa ule waya wa mafundi wa mabomba.

"Siku moja kabla, hali chakula kigumu. Anakunywa dawa ya kusafisha tumbo, anakaa karibu na choo. Siku ya pili namlaza usingizi. Kikiwapo kinyama nakikata hapo hapo. Nusu saa, labda na kidogo zaidi."

Bi Zamzam alikuwa akihesabu kitu kwenye vidole. "Asipokula siku nzima," alisema polepole, "kiuno kitapungua."

"Kitapungua," daktari akakubali. "Na ataihitaji pia ruhusa ya Wizara. Sijawahi kumwangalia mwanamume hata mmoja wa nchi hii. Akija bila ruhusa yeye atavuliwa upole, na mimi nitafungiwa milango." Aliurudisha mrija kwenye sanduku lake. "Lakini akija, nitamwangalia."

Hapo ndipo kazi yangu ya nyaraka ilipoingiliana na mambo yao. Chini kabisa ya chumba, nyuma ya makabati yaliyojaa orodha za viuno za miaka mingi, nilipata daftari moja lenye jalada la ngozi. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na safi. Lilikuwa la mwanamke aliyeitwa Fundi Mwanate, mshona suruali. Futi ile ya uzi mwekundu ilikuwa yake.

Daftari lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza jina, ya pili kiuno, na ya tatu aliipa kichwa kimoja tu: *Mwisho wake*. Ukurasa wa mwanzo aliandika hivi, nami nilinakili neno kwa neno: "Nimewashonea wanaume wa mji huu miaka thelathini. Nimegundua kwamba wale ninaowaongezea kitambaa kiunoni kila mwaka ndio ninaowazika mapema. Kwa hiyo nimeshona uzi mwekundu kwenye futi yangu. Mtu akiuvuka, nampa pole na kumshauri apunguze kukaa na kula. Wengine hunisikia. Wengine hucheka. Yeyote anayeipokea futi hii baada yangu asiache kutoa pole."

Nililisoma mara tatu. Waliompokea futi hawakuacha kutoa pole, hata siku moja. Walichoacha ni kujua kwa nini. Waliwaona wanene wa mji, ambao wakati huo ndio waliokuwa na mali, wakipewa pole na fundi, wakadhani ni heshima. Baada ya kizazi kimoja safu ya tatu ilibaki tupu. Ilipigiwa mistari kila mwaka, kwa rula, na haikuandikwa kitu.

Nilikuwa mdogo na mwenye matumaini makubwa. Niliamini kwamba karatasi ile ikisomwa Barazani, nchi nzima itageuka siku hiyo. Bwana Msellem alikubali kuomba ruhusa ya kuangaliwa, nusu kwa ajili ya mkewe na nusu, nadhani, kwa kuwa aliamini atanyimwa.

Baraza lilikaa Jumatano, siku tano kabla ya kupimwa. Mwenyekiti alikuwa Katibu wa Mambo ya Ndani, Mheshimiwa Pole Sana Ngwali, mtu wa inchi arobaini na sita, mwenye sauti nene na macho ya huruma. Nilisoma daftari. Mkono ukainuka karibu na dirisha.

"Mheshimiwa Katibu, huyu Fundi ameandika 'nampa pole.' Mtu humpa mwenzake kitu chema. Kwa hiyo hili daftari linathibitisha cheo, halikipingi."

"Naunga mkono," mwingine akasema. "Halafu alikuwa mshona suruali. Suruali ni mambo ya nje."

Kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa akihema kwa shida hata akiwa amekaa aliomba kuuliza. "Huo mrija, unaingilia wapi?"

Nilimjibu.

Baraza lilivurugika. Wengine waliinua mikono, wengine walijifunika nyuso, mmoja akasema kwamba tangu nchi iumbwe hajasikia tusi la namna hiyo likitamkwa mbele ya viti. "Mwanamume mzima!" alilia. "Na taa!" Ilichukua bia mbili kuwatuliza.

Ndipo Katibu Ngwali alipozungumza, na sikusikia ubaya katika maneno yake. "Msellem, ndugu yangu. Athumani alikuwa rafiki yangu, unajua. Sisi hatukunyimi. Tunaahirisha. Ukiangaliwa sasa, tumbo litaoshwa, kiuno kitashuka, na Jumatatu utaikosa nusu inchi uliyoitafuta miaka kumi na minane. Kaa kwanza, upate kiti. Mwakani tutaunda kamati."

Wote waligonga meza kwa kukubali. Bwana Msellem naye aligonga.

Alhamisi alinikuta kwenye chumba cha nyaraka. Karani wa hatua alibaki mlangoni. Bwana Msellem aliomba daftari la Fundi Mwanate pamoja na zile orodha zilizofuata, za wakati wake yeye mwenyewe. Akaketi, akaomba na penseli.

"Mimi ndiye niliyewapima hawa," alisema. "Miaka kumi na minane. Nawakumbuka wote."

Akaanza kujaza safu ya tatu.

Sikumsaidia, kwa kuwa hapakuwa na la kusaidia. Alishuka jina kwa jina. Penye mtu aliye hai alipiga kistari. Kwa wengine aliandika neno moja: moyo. Kiharusi. Sukari, mguu. Tumbo. Alipofika kwa baba yake aliandika *tumbo* bila kusita. Kwa Athumani alisimama kidogo, akasema, "Huyu nilimtangazia kwa sauti kubwa kuliko wote. Watu walipiga makofi mpaka wakachoka," kisha akaandika. Nje jua lilikuwa linazunguka dirisha. Vistari vilikuwa vingi pia, na wapo Ndugu wembamba walioandikiwa *tumbo*. Hakuwaruka. Alikuwa mpimaji mwaminifu.

Ukurasa wa mwisho alikuta jina lake. Msellem, arobaini na moja na nusu. Aliishika penseli juu ya safu ya tatu muda mrefu.

"Hapa niandike nini?" aliuliza.

Aliiweka penseli chini, akasimama, akatoka mlangoni. Alipita soko kwa miguu. Karani alimfuata akihesabu, na zilipotimia mia tatu akapuliza filimbi, akapuliza tena, akapuliza mpaka wauza nyanya wakasimama kutazama. Bwana Msellem hakugeuka. Nilihesabu mwenyewe: zilikuwa hatua elfu moja mia moja na arobaini mpaka nyumba nyeupe. Alifika amelowa jasho, akagonga.

Ijumaa alikunywa dawa. Bi Zamzam alikaa nje ya mlango wa choo na jagi, na mimi nilikaa naye.

"Zamzam!" sauti ilitoka ndani. "Hii dawa imetengenezwa na adui!"

"Imebaki glasi tatu, baba."

"Nusu inchi yangu imeshaondoka. Naisikia ikiondoka."

"Iende salama," Bi Zamzam alijibu. Nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Jumamosi alilazwa. Nilisubiri na Bi Zamzam kwenye kibaraza. Daktari Mwanakheri alitoka akiwa na kikopo kidogo cha kioo. Vinyama vitatu vilikuwa humo. Viwili vidogo kama mbegu za ufuta, na kimoja kikubwa kama punje ya hindi.

"Hiki," alisema, akikielekeza kwenye mwanga, "sikupenda sura yake. Kimetoka chote, nitakipima. Kingekaa miaka mitano mingine, tungekuwa tunazungumza mazungumzo mengine. Atarudi kwangu baada ya miaka mitatu. Na sasa atatembea, atakula mboga, ataacha hizo sigara. Hilo nitamwambia mwenyewe akiamka, asije akasema umemzulia."

Bi Zamzam alikitazama kikopo kwa muda. "Kidogo hivi," alisema. "Na Athumani alikuwa mkubwa vile."

Jumatatu uwanja wa Wizara ulijaa. Bwana Msellem alisimama mahali pake na futi shingoni, maana sheria haikuwa imesema bado kwamba asisimame. Habari za filimbi sokoni zilikuwa zimeenea, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza. Kwa desturi Katibu hupimwa wa kwanza. Mheshimiwa Ngwali aliinuliwa kutoka kitini, akanyoosha mikono, akavuta pumzi. Bwana Msellem alimzungushia futi. Inchi arobaini na sita na robo.

Kila mwaka tangazo hilo hutolewa kwa kelele, kama mnada. Safari hii Bwana Msellem hakuinua sauti. Aliishika futi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akamwekea mwenzake begani, akasema, kama mtu anavyosema kwenye mlango wa nyumba yenye msiba:

"Pole sana, Ngwali."

Makofi yalianza upande mmoja yakafa. Katibu alimtazama usoni.

"Umesemaje?"

"Ninachosema kila mwaka, kaka. Leo ndiyo kwanza nimekisema."

Desturi inasema Mpimaji naye hupimwa na Katibu. Mheshimiwa Ngwali aliichukua futi, akaizungusha kiunoni mwa Bwana Msellem, akasoma, akasoma tena. "Arobaini na nusu. Umeshuka inchi nzima." Kisha, kwa sauti ya kusikika na wote, kama kifungu kinavyotaka: "Msellem, umeangaliwa mambo ya ndani?"

"Nimeangaliwa. Vilikuwapo vinyama vitatu. Vimetolewa."

"Basi kuanzia leo umevuliwa upole. Wewe si Pole tena."

"Nimesikia."

Nilikuwa nimesimama karibu, na kalamu mkononi, ndiyo sababu nilisikia yaliyofuata. Katibu hakuiondoa futi. Aliinama kana kwamba anaisoma mara ya tatu, mdomo ukiwa karibu na sikio la mwenzake.

"Niambie kweli. Iliuma?"

"Nililala. Dawa tu ndiyo mbaya."

"Na huyo mama... hacheki?"

"Hacheki hata akichekeshwa."

Kidole cha Katibu kilikuwa juu ya uzi mwekundu. "Na mimi nimeona damu, Msellem," alisema. "Tangu mwezi wa Ramadhani. Nilidhani ni pilipili."

Bwana Msellem alimshika mkono, na futi ikiwa bado kiunoni mwake.

Uwanja ulikuwa unasubiri. Katibu alijinyoosha, akafungua futi, akaikunja taratibu. Mtu anapovuliwa cheo kule, desturi ni kumgeuzia mgongo. Mheshimiwa Ngwali hakugeuka.

"Pole, ndugu yangu," alisema, kwa sauti ya kila siku.

"Nimeshapoa," Bwana Msellem akajibu. "Sasa wewe."

Niliondoka Alhamisi. Mlango wa Daktari Mwanakheri ulikuwa umebandikwa karatasi ya Wizara ya kuufunga, na ulikuwa wazi. Nje yake seremala alikuwa akipigilia benchi jipya. Nilimuuliza kwa nini amelifanya pana kiasi kile.

"Ndivyo nilivyoagizwa," alisema, misumari ikiwa mdomoni. "Wanakuja akina Pole Sana. Na nimeambiwa nilifanye refu."